Mkadi, Mzinga Uliokokotwa na Ngamia wa Kinu

Miaka ile miji ya mwambao wa kaskazini ilikuwa bado na watawala wake yenyewe, kila mji na ukuta wake na siwa yake, pembe la utawala, na bendera za kigeni hazijapandishwa popote. Kati ya miji hiyo palikuwa na mji wa mawe ulioitwa Pungwani. Ulikuwa mji wa watu wa sala, wafuma vitambaa na washindika mafuta ya ufuta, na mafuta yake yalifika hata Arabuni katika mitungi iliyozibwa kwa nta. Mwenyezi Mungu aliwajaalia kila kitu isipokuwa maji. Visima vya ndani ya ukuta vilikuwa vya chumvi. Maji matamu yalipatikana katika kisima kimoja tu, nacho kilikuwa nje, hatua mia saba kutoka lango la mashariki.

Watu wa Kiliani walilijua hilo. Ugomvi wao na Pungwani ulikuwa wa tangu enzi za mababu, na wakati huu walipokuja na jeshi lao hawakuugusa ukuta. Walikwenda moja kwa moja kwenye kilima kilichokuwa nyuma ya kisima, wakajenga jukwaa la magogo, wakalizungushia vikapu vya mchanga, wakapandisha juu yake mzinga wa chuma wenye uzito wa frasila mia moja. Kutoka jukwaani hadi langoni palikuwa na hatua elfu moja na mia mbili, na mzinga ule ulizifika zote na kuzidi.

Mpigaji wake alikuwa mzee aliyeitwa Zahidi, na Zahidi hakuwa mtu wa haraka. Siku nane alikuwa akipima tu. Tufe moja langoni, moja njiani, moja ukingoni mwa kisima, na kila lilipoangukia alitia alama ya chokaa jukwaani pake. Siku ya tisa hapakuwa na pahala baina ya lango na kisima ambapo hakuweza kumwua mtu huku kikombe chake cha kahawa kikiwa mkononi.

Pungwani walikaa na kiu siku ishirini na sita. Wazee walianza kufa. Ndipo Kiliani wakatuma mjumbe na masharti: kisima kitafunguliwa siku ya Ijumaa baada ya sala, ikiwa Pungwani watatoa watu arobaini, vijana na mabinti, waende Kiliani kuwa mali ya mji ule milele. Jumbe wa Pungwani, Mwinyi Kombo, alilia mbele ya baraza lake, kisha akaamuru kura zipigwe nyumba kwa nyumba. Katika nyumba ya Famau wa Lali, mshindika mafuta, kura ilimwangukia Mwana Tima, binti yake wa pekee, aliyekuwa na miaka kumi na sita.

Kura hiyo ilipigwa siku ya Ijumaa, na zilibaki siku saba.

Famau alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye nguo zake zilinuka ufuta hata siku ya Idi. Mkewe alikwisha kufariki. Nyumbani mwake walikaa watatu: yeye, Tima, na Mwana Shei, dada wa Famau aliyemtangulia kuzaliwa, mjane asiyekuwa na mtoto, ambaye ndiye aliyewaendesha ngamia wa kinu. Walikuwa na ngamia wanne. Mchana kutwa ngamia hao walikizunguka kinu, macho yao yamefunikwa kwa vikombe vya ukindu ili wasione kizunguzungu, na mti mkubwa wa kinu ukilia nyuma yao kama lango la ngome lisilotiwa mafuta. Mwana Shei hakuwapiga fimbo. Aliwaongoza kwa mvumo wa puani, usio na maneno, ambao ulipanda na kushuka. Akiuanza huondoka, akiukata husimama.

Usiku ule wa kura hakuna aliyelala. Asubuhi Famau alikwenda ukutani, akasimama mbele ya mzinga mmoja mdogo wa shaba, akautazama kwa muda mrefu.

Mzinga huo uliitwa Mkadi. Ulitolewa baharini katika jahazi la Wareno lililozama, na siku ulipopandishwa ukutani wanawake waliupamba kwa maua ya mkadi, jina likabaki. Uzito wake frasila ishirini tu. Aliyeutunza alikuwa Jemadari Shahdad, Mbaluchi wa ndevu nyekundu za hina, aliyekuja kwa vita vya watu wengine akaachwa na chombo chake.

Famau alimwuliza kwa nini Mkadi haumpigi Zahidi. Shahdad akamjibu kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Mkadi, alisema, tufe lake hufika hatua mia nne likiwa na nguvu, na zaidi ya hapo huanguka kama embe bivu. Ukitaka kulivunja jukwaa la Zahidi sharti uufikishe hatua mia nne kutoka kwake. Wiki iliyopita watu thelathini waliubeba kwa magogo. Walipoutua chini, wakauweka juu ya mbao zake, wakauelekeza, Zahidi alikwisha watupia matufe mawili. Kumi na mmoja walikufa, na Mkadi haukulia hata mara moja.

"Mzinga una maadui watatu, fundi," alisema Shahdad. "Uzito wake, teke lake, na jibu la mwenzake. Wewe utamshinda yupi kwa mafuta yako?"

Famau alimwuliza swali moja tu. Je, kama mzinga usingeteremshwa chini? Kama ungepigwa palepale juu ya kilichoubeba, kisha ukaondoka kabla jibu halijafika?

Shahdad alicheka hata akakohoa. Lakini Famau alipoondoka, Mbaluchi yule alibaki ameuweka mkono juu ya shaba, na jioni alikwenda mwenyewe kinuni.

Walifanya kazi siku nne. Famau alikivunja kinu chake kikubwa, alichorithi kwa babu yake, gogo la mbambakofi lililokuwa na upana kuliko mikono ya watu wawili. Katika gogo hilo alikata magurudumu manne, akayavika pete za chuma. Juu ya magurudumu aliweka kitako cha mbao, na katikati ya kitako akasimamisha kile kipande ambacho mti wa kinu hukizungukia, akakipaka mafuta ya ufuta. Mkadi ukakaa juu yake. Mtu mmoja, kwa mkono mmoja, aliweza kuugeuza mdomo wake uelekee mbele, nyuma au ubavuni, vyovyote ngamia walivyoelekea. Hilo ndilo lililomnyamazisha Shahdad, kwa kuwa mizinga yote aliyoijua hutazama pahala pamoja, na ukitaka itazame pengine huita watu ishirini na nyenzo.

Kwa ajili ya teke, Famau alitia kila pembe jino la nanga, la kushushwa kabla ya kupiga ili ling'ate mchanga, na kupandishwa baada yake. Pembeni alining'iniza ngozi za ng'ombe, tatu tatu, zilizoshonwa pamoja, ili zizuie risasi za bunduki na mishale. Zilitosha kuwafunika wapigaji, wala hazikuongezwa, maana kila ngozi ni uzito, na uzito ni mwendo. Baruti Shahdad aliipima mapema, na Mwana Tima akaishona katika vifuko ishirini vya pamba, kila kifuko pigo moja, vikapangwa kitakoni pamoja na matufe yake.

Binti yule alishona vifuko vyake vyote ishirini bila kuinua macho. Baba yake alitaka kumwambia jambo, akaona sindano inavyokwenda, akarudi kwenye magurudumu yake.

Siku ya Jumatano waliujaribu katika njia kuu ya mji, kutoka msikitini hadi langoni. Njia ile ni nyembamba, kuta za nyumba zimesimama huku na huku. Ngamia wanne walifungwa wawili wawili, macho yamefunikwa kama desturi yao. Mwana Shei akaanza mvumo wake nyuma yao, na gari zima likaondoka. Akaukata, likasimama. Meno yakashushwa, Shahdad akapiga baruti tupu, moshi ukajaa njia, meno yakapandishwa, wakaondoka tena. Ngamia hawakushtuka, kwa kuwa maisha yao yote wameishi na makelele ya kinu. Sheikhe mmoja aliyekuwa akisoma barazani alihesabu: tangu kusimama hadi kuondoka, muda wa kusoma Alhamdu mara saba. Zahidi kupakia na kuelekeza upya mzinga wake ilimchukua Yasini nzima.

"Fundi," alisema Shahdad, uso wake mweusi kwa moshi, "nilidhani unajenga kaburi lenye magurudumu."

"Na sasa?"

"Sasa naona ni kaburi linalokwenda upesi."

Mwana Shei alimwambia asimchoshe ndugu yake kwa mizaha, akachukue maji yake ya kipimo, kisha akaoshe uso, maana hata Malakulmauti angemkimbia. Watu walicheka kidogo. Ulikuwa muda mrefu hapajasikika kicheko njiani humo.

Lakini mjini Pungwani hapakuwa na hata mtu mmoja, si mwenye kinu, si mwenye mzinga, si Jumbe, aliyekumbuka kwamba ngamia wale hawajapata kwenda pahala penye uwazi. Kinuni walizunguka. Njiani kuta ziliwanyosha.

Alhamisi, jua lilipokuwa limepanda kimo cha mkuki, lango la mashariki lilifunguliwa. Mwinyi Kombo aliweka watu mia mbili wenye mikuki na bunduki nyuma ya lango, wangoje ishara. Famau alikuwa kitakoni na meno ya nanga, Shahdad na wasaidizi wawili kwenye mzinga, Mwana Shei nyuma ya ngamia kwa miguu, ndani ya ngozi, ukaya wake mweusi ameukaza kichwani. Nia yao ilikuwa kwenda moja kwa moja kwa njia ya kisima, hatua mia nane, kisha kupiga.

Walikwenda hatua hamsini sawasawa. Kisha ngamia wakaanza kuelekea kushoto.

Kwanza Famau alidhani ni shimo. Akawaambia wale wasaidizi wawili wasukume kuelekea kulia. Ngamia wakazidi kushoto. Wakaiacha njia, wakaingia katika mchanga na majani mafupi, na kila hatua ilizidi kuwageuza, taratibu, kama wanavyogeuka wakizunguka kinu. Hapo ndipo Famau alipofahamu. Alikuwa amevunja kinu cha babu yake, na kinu kilikuwa bado kimo ndani ya ngamia.

Tufe la kwanza la Zahidi likaanguka. Liliangukia njiani, katikati, pahala palepale ambapo wangekuwa wamefika kama wangekwenda sawa. Mchanga uliruka juu kuliko mnazi.

Shahdad alikuwa akitukana kwa Kibaluchi. Alipoliona shimo lile aligeukia mzinga wake.

"Dada, wageuze!" alisema Famau.

Mwana Shei hakuukata mvumo. Alitazama njia, akatazama kilima, kisha akavuta pumzi na kusema kwa sauti ya mtu anayepanga kazi ya nyumbani, "Waache. Anaipiga njia, na sisi hatumo njiani. Jemadari, kiti chako kinazunguka, basi zunguka."

Basi vita vya siku ile vikapiganwa hivyo. Gari lilikwenda katika duara pana, hatua mia nane kutoka ukingo hadi ukingo, na ukingo wake wa mbali uliwafikisha karibu na kilima. Kila walipofika pazuri Mwana Shei alikata mvumo, meno yakashuka, Shahdad akaugeuza mdomo wa Mkadi kukitazama kilima, akapiga, na kabla Alhamdu ya saba haijakwisha walikuwa wanakwenda. Zahidi aliwajibu, na kila jibu lilifika pahala walipokwisha ondoka. Alama zake zote za chokaa zilikuwa za njia na kisima. Huku mchangani hakuwa na alama hata moja. Watu wake walionekana wakiuvuta ule mzinga wa frasila mia kwa nyenzo, wakiugeuza, na wakimaliza, shabaha imehama.

Katika mzunguko wa kwanza Mkadi ulibomoa vikapu vya mchanga upande mmoja. Katika wa pili tufe liliingia jukwaani, magogo mawili yakaruka. Moshi ulikuwa umetanda uwandani, na Wakiliani waliokuwa nyuma ya kilima, walioona moshi ukitoka huku, kisha kule, kisha kwingine, waliapa baadaye kwamba Pungwani walitoa mizinga mitano. Ukutani watu walikuwa wakipiga takbiri.

Vifuko vilibaki saba. Wakaanza mzunguko wa tatu. Zahidi akaacha kupiga.

Famau alishukuru Mungu. Shahdad alisema mzee amekwisha, ama baruti imekwisha, ama mzinga umepasuka, na akawaambia wasaidizi wake wapakie upesi. Mwana Shei peke yake hakufurahi. Yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa kutazama. Nyuma ya ngamia hakuna kazi nyingine, unatazama na unavumisha. Alitazama kilimani, akawaona watu wa Zahidi wamekaa.

Akaukata mvumo, gari likasimama mbali na pahala pa kupigia.

"Ndugu yangu, mtu aliyeishiwa huondoka," alisema. "Wale wamekaa. Mzinga wao unautazama ule ukingo wa mbali, pale tulipopita mara mbili. Amekwisha jua kwamba tunazunguka. Anatungoja tufike."

Shahdad alipanda juu ya kitako akachungulia, kisha akashuka pole pole. Akaitikia kwa kichwa.

Kurudi mjini hakukuwezekana. Duara lenyewe lilipita pale anapongoja Zahidi kabla ya kurejea langoni. Kukaa pale pia hakukufaa, kwa kuwa upande wa kisima Wakiliani wenye mikuki walikuwa wameanza kujipanga, na walipaona pale liliposimama gari. Famau alimwona binti yake kana kwamba yuko mbele yake, sindano mkononi, kesho baada ya sala. Alisema atashuka awavute ngamia kwa kamba, awapeleke sawa.

"Watakufuata wewe?" dada yake akamwuliza. "Umewahi kuwaita wakakuitika?"

Famau akaiacha kamba.

"Ngamia wa kinu hajui kwenda sawa akiwa kipofu. Sharti mmoja afunguliwe macho, na akifunguliwa atashtuka, ila amwone anayemjua amemtangulia. Nitakwenda mbele."

"Mbele hakuna ngozi, dada."

"Naona."

Mwana Shei alimshika ndugu yake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya maziko ya mkewe. Akamwambia habari moja tu, asisahau kwamba Salama, ngamia jike wa kushoto, ana kidonda begani, asifungwe tena upande ule. Kisha akatoka kando ya ngozi, akaenda hadi kwenye kichwa cha Salama, akamvua vikombe vya macho. Ngamia yule alitikisika mwili mzima kwa mwanga na moshi. Mwana Shei alimwekea kiganja puani, akaanza mvumo, akamgeuzia mgongo, akaanza kwenda.

Wakaliacha duara. Walikwenda sawa, ngamia watatu vipofu na mmoja mwenye macho, nyuma ya mwanamke mmoja mwenye ukaya mweusi, moja kwa moja kuelekea kilima. Zahidi aliona, na waliosimama ukutani walisema waliona watu wake wanarukia nyenzo kuugeuza mzinga wao. Akapiga kabla haujageuka vyema. Tufe likapita mbali kushoto.

Basi wenye bunduki wa Kiliani wakashuka hadi chini ya jukwaa, wakapiga wao. Risasi zilipiga ngozi kwa kishindo kama mvua juu ya paa la makuti. Hatua mia nne, na Mwana Shei akazidi kwenda, kwa kuwa vifuko saba havikuruhusu kukosea. Mia tatu. Famau alikuwa akiusikia mvumo tu, hakuweza kumwona dada yake kwa sababu ya shingo za ngamia. Ulipanda na kushuka kama siku zote. Mara moja ulikatika, ngamia wakasita, kisha ukaanza tena, chini zaidi, na ngamia wakaenda. Hatua mia mbili. Hapo ukakoma.

Gari likasimama. Famau akashusha meno kwa mikono iliyozoea. Shahdad akauelekeza Mkadi, akapiga mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu tufe likaupiga mzinga wa Zahidi katika sikio lake la chuma, pale unapokalia. Frasila mia moja zikateleza kutoka jukwaani, zikabingirika nyuma ya kilima pamoja na magogo, na Zahidi chini yake. Mwenyezi Mungu amrehemu naye, alikuwa bingwa wa kazi yake.

Siwa ikalia mjini, na watu mia mbili wakatoka langoni. Kabla ya adhuhuri kisima kilikuwa mikononi mwa Pungwani, na Kiliani wanakimbilia majahazi yao.

Famau alimkuta dada yake amekaa chini, mgongo wake umeegemea miguu ya Salama, ambaye hakusogea hata hatua. Risasi mbili zilikuwa zimempata, moja muda mrefu kabla ya nyingine. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa imeukata mvumo. Damu yake ilikuwa imechora mstari mchangani, hatua themanini, nao ulikuwa umenyooka.

Walimzika alasiri. Mwana Tima alikuwa wa kwanza kuteka maji kisimani, maji ya kumwoshea shangazi yake.

Ijumaa, baada ya sala, watu hawakutoa mtu yeyote. Walikaa matanga. Lakini siku ya nne Mwinyi Kombo aliita baraza, na watu walikuwa wameshiba maji na wameanza kuwa na sauti. Akasema Kiliani nao wana kisima nje ya ukuta wao, na safari yake kwa nchi kavu ni siku mbili. Akasema Mkadi utakwenda ukasimame juu ya kisima hicho, na Kiliani watatoa watu arobaini. Wahenga walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Baraza likaitikia kwa kishindo, hata wale ambao watoto wao walikuwa katika kura.

Famau alisema ana msiba. Jumbe akamwambia msiba wake ndio utakaolipwa.

Basi asubuhi ya siku ya tano ngamia wanne wakafungwa kwenye gari katika njia kuu, magurudumu yametiwa mafuta, vifuko vipya arobaini vimepangwa. Shahdad alikaa pahala pake bila furaha. Mfanyakazi mmoja wa kinu akasimama nyuma ya ngamia akavumisha. Ngamia wakageuza masikio, wakapiga magoti, wakalala njiani. Wakainuliwa kwa nguvu. Akajaribu mwingine, kisha mwingine, na mwanamke mmoja mwenye sauti ya maulidi akaitwa, naye akajaribu. Wakalala. Walipigwa fimbo, wakalia, hawakuinuka. Wengine walicheka, wengine wakanong'ona kwamba wanyama nao wamo edani.

"Fundi," alisema Mwinyi Kombo, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Hakuna mwingine katika nyumba yako aujuaye mvumo ule?"

"Mimi, Mwinyi, haukunitoka hata siku moja," alisema Famau. "Ulikuwa wa dada yangu."

Na hilo lilikuwa kweli. Katika tarikh ya Pungwani, kwa waliowahi kuisoma, imeandikwa kwamba mwaka ule Mungu aliwapa ushindi kwa mizinga mitano, na kwamba hawakuifuata Kiliani kwa sababu ya huruma ya Jumbe wao. Aliyeiandika hakuwapo njiani asubuhi ile.

Mwana Tima alikuwapo. Alikuwa amesimama mlangoni pa kinu kilichovunjwa, mtungi kichwani. Kwa miaka saba alilala kitanda kimoja na shangazi yake, akaamka naye alfajiri kufungua kinu, na mwaka ambao shangazi yake aliugua homa, yeye ndiye aliyewaendesha ngamia mwezi mzima, wala ufuta haukukawia hata siku moja. Jumbe aliyapitisha macho yake juu ya watu, taratibu, uso kwa uso, hata akafika kwake. Tima akamtazama. Kisha akaushusha ukaya usoni, akapita kando ya gari, akatoka langoni kwenda kisimani.

Aliporudi watu walikuwa wametawanyika na ngamia walikuwa bado wamelala juani. Akautua mtungi, akawavua vikombe vya macho, akawanywesha mmoja mmoja, akianza na Salama, midomo yake ameifunga, wala mvumo haukumtoka puani.